named-checkconf: Kifaa cha Kwanza Seva ya DNS Inapokataa Kuwaka

BIND 9, programu ya seva ya DNS (mfumo wa kubadili majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao), haina simile na faili lake la kuanzia. Ikishindwa kusoma faili hilo, named.conf, hujifunga papo hapo, na kwa kuwa mstari wa mwisho wa logi husema tu kwamba programu imesimama kwa hitilafu kubwa, wengi hawapandi mistari michache juu, ambako sababu yenyewe imeandikwa. Amri ya named-checkconf, inayokuja pamoja na BIND, imekusudiwa kuikagua kasoro kabla seva haijawashwa.

Kwa makosa ya uandishi, amri hii inastahili sifa. Husoma faili lote pamoja na mafaili yaliyoingizwa ndani yake kwa agizo la include, na mambo yakiwa sawa haisemi lolote, ukimya ambao humbabaisha mgeni. Kosa linalojirudia kuliko yote ni semikoloni iliyosahaulika, hasa baada ya bano la kufunga. Hapo hutajiwa faili na namba ya mstari, ila namba hiyo ni ya neno lililofuata: semikoloni ikikosekana katika mstari wa 11, lawama huenda ikaangukia neno zone lililo katika mstari wa 13, kwa hiyo tazama juu kwanza. Ukiongeza -z, hujaribu kupakia pia zoni (sehemu za majina ya DNS) ambazo seva ndiyo chanzo chake.

Udhaifu wake unaanzia nje ya uandishi. Msimamizi huiendesha akiwa root, mtumiaji mkuu wa mfumo, ambaye ruhusa za mafaili hazimzuii, ilhali seva kwa kawaida hufanya kazi kwa jina la mtumiaji mwenye mamlaka madogo, huku SELinux au AppArmor, mifumo ya usalama ya Linux, ikiweka mipaka mingine. Faili huweza basi kupita ukaguzi huku seva ikinyimwa ruhusa ya kulifungua. Tena, seva ikifungiwa ndani ya chroot, yaani saraka moja inayoiona kama mfumo mzima wa mafaili, faili inalolisoma si lile lililo mbele yako. Hapo lazima utumie -t na kutaja saraka husika. Hata bila chroot, mahali pa named.conf hutofautiana kati ya matoleo ya Linux: Debian huliweka ndani ya /etc/bind, na Red Hat moja kwa moja ndani ya /etc. Anayefuata mwongozo wa enzi ya BIND 4 atahangaika na named.boot, faili ambalo BIND 9 hailitazami kabisa.

Ukaguzi ukipita na seva bado ikigoma, nisingepoteza muda kuurudia. Amri ya named -g (named ndiyo programu ya seva yenyewe), ikiambatana na -u na jina la mtumiaji wa seva, huiwasha mbele ya macho yako na kumwaga ujumbe wote kwenye skrini, ukiwemo ule wa ruhusa iliyokataliwa.