Kofia za mwanga wa ubongo: kabla hujanunua, kichwa chako kimesukwaje?

Laki nne na themanini jamani. Hela ya mchezo, nimepokea Ijumaa, Jumamosi nikaenda kumpa muuzaji mmoja hapa Arusha mjini, kofia ya mwanga eti inasisimua ubongo, usingizi unarudi, kusahausahau kwisha. Wiki tatu naivaa juu ya rasta zangu, dakika ishirini kila jioni, nimekaa sebuleni kama abiria wa boda aliyeachwa njiani, mtoto ananicheka. Hamna kitu. Siku msusi wangu wa Kaloleni ananifumua ndo akauliza, "Dada, huo mwanga unapitaje hapa?" Akaninyanyulia msuko mmoja na bandia lake lote nikauona kwenye kioo.

Wauzaji hilo hawaligusi, wao ni idadi ya taa tu. Nywele nyeusi zinanyonya mwanga, na hata ukifika kwenye ngozi, fuvu linazuia sehemu kubwa, ubongo unabakiziwa kidogo sana. Yule daktari Endre Mester wa Hungaria mwaka 1967 panya wake aliwanyoa kwanza ndo akawamulika leza, tena manyoya yakaota haraka, mambo ya tiba ya mwanga yakaanzia hapo.

Kwa hiyo nimezipanga kwa jinsi zinavyopita nywele. Namba moja kwangu Vielight Neuro ya Toronto, Kanada, na sijifichi, naipendelea. Siyo kofia, ni fremu yenye taa nne na ya tano unachomeka puani. Mwanga wake ni infraredi, usioonekana kwa jicho, wa nanomita 810 (ndo urefu wa wimbi lake), mapigo 10 au 40 kwa sekunde kutegemea modeli, dakika 20 inajizima. Nilijaribu ya shoga yangu wa Moshi nikiwa nimesuka twende kilioni, ile mistari imeacha ngozi wazi, unasogeza taa mpaka ikae kwenye mstari, basi. Bei inauma, inapita dola 1,000, bado usafiri na VAT asilimia 18.

Namba mbili, zozote zinazomulika paji la uso, hapo huna rasta. Watafiti wa Texas leza yao ya nanomita 1064 wameielekeza hapohapo. Namba tatu helmeti kama Neuronic ya nanomita 1070, mpe baba mdogo mwenye kipara.

Za bei chee nawapa kipimo tu. Bonyeza rimoti ya TV mbele ya kamera ya selfi, utaona kitaa cha zambarau ambacho jicho halioni, ndo infraredi hiyo. Halafu washa kofia fanya hivyohivyo. Yangu ilitoa nyekundu tupu, zile infraredi zilizoandikwa kwenye boksi hata moja haikuwaka.

Na mwenye mgonjwa asiache kliniki wala dawa, tafiti nyingi bado ni ndogondogo, na lile jaribio kubwa la kumulika leza kichwani kwa wagonjwa wa kiharusi, NEST-3, lilisimamishwa njiani maana halikuonyesha dalili ya kufaulu.

Nikairudisha kofia. Kaka wa watu hajainua hata macho kwenye simu, "sista, mali ikishatoka dukani hairudi", risiti ya mashine hakunipa siku ile na mimi kwa haraka zangu sikudai, nikasema basi na video nimpigie ya ile rimoti aone, akaniambia kamera yangu mbovu. Jana naona statasi yake, kofia ileile, sasa laki tano na nusu, na mdada wa kwenye picha kavaa wigi.