Mafuta ya nyonyo ya kwenye kichungu, Soko la Majengo: nimeyapima

Mimi ni fundi wa maabara kwenye shule ya sekondari hapa Dodoma. Mafuta ya nyonyo nimepakwa tangu mtoto. Kiangazi kikianza kupasua ngozi, bibi alikuwa anatushika mmoja mmoja.

Mwaka jana nilinunua chupa kwenye duka moja mjini, lebo imeandikwa "nyonyo halisi". Harufu ilinitia shaka. Nikaweka matone machache kwenye kibomba cha kioo, nikaongeza spiriti kali ya maabara mara nne. Nyonyo halisi huyeyuka humo, unabaki na kimiminika angavu kama maji, kwa sababu karibu asilimia 90 ya asidi zake za mafuta ni asidi ya risinoleiki, inayopatana na spiriti. Alizeti haipatani nayo. Ile ya kwangu ilichafuka kama maji ya mchele, kisha tabaka la njano likatua chini. Iliniuma sana, maana nilikuwa nampaka mwanangu mchanga.

Ndipo nikaelekezwa kwa mama mmoja pale Majengo anayeuza nyonyo kwenye kichungu cha udongo, shilingi 12,000. Hana lebo yoyote. Nikapima: yakayeyuka yote, safi. Ni mazito, yanavutika kama asali, na ngozi inayanywa taratibu. Alichonisisitizia ni kimoja: "Mwalimu, usikioshe kwa sabuni. Kimezoea mafuta haya haya."

Maneno yake niliyaelewa vizuri siku kichungu cha kwanza kilipodondoka. Kwenye mpasuko, udongo ulikuwa mwekundu kwa nje tu, kama unene wa ukucha. Ndani kote ni weusi wa mafuta yaliyozama. Hapo ndipo wanaakiolojia wanapochimbua habari. Wanasaga kipande kidogo cha kigae, wanakiloweka kwenye klorofomu na methanoli, kisha wanapitisha kwenye mashine ya kromatografia ya gesi inayotenganisha molekuli moja moja. Mwaka 2023 zilitolewa taarifa za vyombo 31 kutoka karakana ya kukaushia maiti huko Saqqara, Misri, vyenye umri wa zaidi ya miaka 2,500. Vingine viliandikwa "antiu", neno ambalo wataalamu walizoea kulitafsiri manemane. Udongo ukatoa kingine: mafuta ya mwerezi na ya miti jamii ya mireteni, yamechanganywa na mafuta ya wanyama.

Mimi sina mashine hiyo. Nilitwanga kigae changu kwenye kinu cha shule, nikakiloweka kwenye spiriti usiku kucha, nikaiacha ikauke juani kwenye kisahani. Ukabaki utando unaonata. Wanafunzi wa kidato cha nne walipokezana kuugusa, na mmoja akasema unanukia kama kwa bibi yake Bahi.

Kasoro zipo. Kifuniko ni gunzi lililozungushiwa kitambaa, kwa hiyo usikibebe kwenye mkoba. Kichungu kipya hutoa jasho la mafuta wiki mbili za mwanzo. Kiwekee kisahani chini, la sivyo meza itaharibika. Na mama hana akiba kubwa: nilipofika saa nne asubuhi nilikuta vimekwisha.

Ukienda kujazisha, rudi na kichungu chako kile kile. Anakupunguzia 5,000.