Halo 2: Anniversary, stori iko upande wa adui

Nimerudia kampeni ya Halo 2 kwenye ile Master Chief Collection, mkusanyiko wa gemu za Halo, yaani toleo la Anniversary la 2014 ambalo kwenye PC lilifika 2020, na bado nasema kile kile, kwenye boksi wamemweka Master Chief, askari wa binadamu, ila gemu ni ya Arbiter, komanda wa adui. Namwaga stori yote hapa, gemu yenyewe ni ya 2004 kwa hiyo msinilaumu.

Mwaka ni 2552. Binadamu wanapigana na Covenant, muungano wa viumbe wa sayari nyingine, tangu 2525 na wanachapwa tu, sayari moja baada ya nyingine inachomwa mpaka inageuka kioo, sayari ya Reach imeshaanguka na sasa adui kafika Duniani. Ungetegemea askari mwenye moyo nusunusu awe upande huu unaochapwa, si ndio? Wapi! Chief hana swali hata moja, akipewa amri anaenda. Anayechanika ni komanda wa adui, huyo huyo aliyeongoza meli za kutuchoma.

Angalia ile video ya mwanzo. Chief anavishwa nishani watu wanashangilia, picha inahama, komanda anavuliwa deraya na kupigwa chapa ya moto kifuani kwa kosa la kuiacha pete ya Halo, silaha kubwa ya kale ya angani ambayo Covenant wanaiona takatifu, ilipuliwe, inarudi kwa Chief makofi kama yote, inahama tena huku jamaa ananguruma kwa maumivu. Blur Studio walizitengeneza upya video zote na hii ndo imewatoka zaidi. Baada ya hapo Manabii, viongozi wa dini wa Covenant, wanampa cheo cha Arbiter, cheo ambacho waliotangulia wote walikufa nacho kazini, kwa hiyo ni hukumu ya kifo iliyopakwa heshima.

Kazi yake ya kwanza sasa. Kuna Elite (jamii yake ndani ya Covenant) mwenzake kaasi, anahubiri kwamba Safari Kuu ya Manabii ni uongo na zile pete hazimpeleki mtu peponi. Anasema kweli tupu! Na Oracle mwenyewe, mashine ya kale inayojua ukweli wa pete, yupo pale pale, ukimuuliza anakujibu. Lakini wewe umeshika kontrola unammaliza tu, maana gemu haijakupa kitufe cha kumsikiliza. Hapo nilikaa kwanza.

Kinachonikera ni Arbiter anavyowageuka Manabii. Dhamira haijamsuta, ni Tartarus, mkuu wa Brutes (jamii nyingine ya Covenant), kamsukumia shimoni kwa amri ya Manabii na Brutes wameanza kuchinja Elites kila kona. Sasa huyo kahama au kafukuzwa? Simsikii akijuta kuhusu watu wetu aliowateketeza, hata neno. Waandishi wamemrahisishia, wangemwacha achague kabla hajasalitiwa ingeuma zaidi. Ila sajenti Johnson wa upande wa binadamu ananiponya kidogo, anamwambia wazi hunipendi na mimi sikupendi, ila tusipofanya kitu huyu mwenye denge (Tartarus) anawasha pete tunakufa wote. Hakuna kusameheana wala kukumbatiana, ni kazi tu. Hivyo ndo askari wawili wangeongea.

Uchezaji nao unakuchanganya makusudi. Misheni moja unawamwagia Elites risasi ukiwa Chief, inayofuata ni wenzako wanakusubiri, na ikifika misheni ya Uprising hata Grunts na wale Hunters, jamii nyingine za Covenant uliozikimbia kote, wanakuwa jeshi lako. Penye tochi ya Chief, Arbiter ana uwezo wa kutoonekana kwa sekunde chache, ukichanganya na upanga wa nishati raha tupu. Kitufe kimoja kinakurudisha kwenye grafiki za 2004 papo hapo, nimekibonyeza mno kuliko ilivyohitajika. Kwenye Legendary sasa, kile kiwango kigumu kuliko vyote, wale Jackals (Covenant wengine) wenye bunduki za masafa marefu ni upuuzi, unachungulia kona umekufa, hujui hata imetoka wapi, cheza Heroic, kiwango cha chini yake, uheshimu muda wako.

Alama yangu ni 8 kati ya 10. Moja nimekata kwa Jackals, nyingine kwa mwisho, maana Chief anakaribia Dunia halafu inakatika pap. Muendelezo Halo 3 upo humo humo kwenye mkusanyiko, ila huko ukicheza peke yako Arbiter anakuwa msindikizaji tu, kumwendesha mpaka uwe mchezaji wa pili, yaani ile stori yake yote wamempa mwenzako aliyekuja kutembea.