Mashine ya kutengenezea siagi ya karanga yenye ladha: soma dakika kabla ya kusoma wati

Mashine yangu ya kwanza ya kutengenezea siagi ya karanga ilikufa ikiwa na karanga ndani. Nilikuwa nimekaanga nusu kilo, nimemenya maganda, nimetia mdalasini na chumvi, na rojo lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kulegea pale harufu ya waya unaoungua ilipopanda kutoka chini ya jagi, moshi mwembamba ukafuata, na mota ikanyamaza. Ilikuwa blenda ya wati 1,500, yenye umri wa wiki 3, na kwenye boksi lake palikuwa na picha kubwa ya chupa iliyojaa siagi ya karanga. Nilipoirudisha dukani, muuzaji aliipindua, akanionyesha kibandiko cha rangi ya fedha chenye maandishi madogo kuliko punje ya mchele, akasema kwamba nimeitumia kinyume cha maelekezo na kwa hiyo dhamana imekwisha. Kibandiko hicho kiliandikwa: KB 1 min.

Mwongozo huu wote unatokana na maneno hayo machache, na ninaomba msomaji anivumilie nikiyashikilia kwa muda mrefu, kwa sababu wasomaji kadhaa wameniandikia wakieleza kisa kilekile, kila mmoja akidhani kwamba ni yeye aliyekosea. KB ni kifupisho cha neno la Kijerumani Kurzbetrieb, yaani matumizi ya muda mfupi, na tarakimu inayofuata ni muda ambao mashine imeundwa kufanya kazi mfululizo kabla ya kuzimwa ili ipoe. Ziko zilizoandikwa dakika 3, ziko za dakika 1, na nimekwisha kuona ya sekunde 30. Mashine nyingine hazina herufi hizo kabisa, ila onyo lenyewe limefichwa katikati ya kijitabu cha maelekezo. Hilo si kosa la kiwandani, wala si uongo: mashine inayosaga juisi ya embe kwa sekunde 40 haihitaji mota ya kuhimili zaidi ya hapo. Uongo unaanza pale mashine hiyo inapotiwa katika boksi lenye picha ya siagi ya karanga.

Siagi ya karanga haitengenezwi kwa dakika 1 katika mashine ya kawaida. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na korosho na lozi haziko mbali na hapo, lakini mafuta hayo yamefungiwa ndani ya chembe ndogondogo ambazo kisu hakina budi kuzipasua moja baada ya nyingine. Kwanza karanga huwa unga. Kisha unga hushikamana, hupanda ukutani, na kugeuka donge linalozunguka bakuli kama mpira, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa au huongeza mafuta bila sababu. Ukiiacha mashine iendelee, donge hujivunja lenyewe, huwa rojo zito linalong'aa, na mwishowe humiminika kutoka kwenye kijiko. Katika mashine yangu ya sasa safari hiyo huchukua dakika 8 hadi 10 kwa karanga zilizokaangwa na zilizo bado na joto, na lozi hufika dakika 15. Kipindi kigumu zaidi kwa mota ni kile cha donge, ambacho huangukia palepale mashine ya KB 1 inapokuwa imekwisha kupita kikomo chake.

Wapo wanaoshauri kwamba mtu azime na kuwasha, azime na kuwasha. Hesabu yake haikubali. Kama mashine inasaga dakika 1 na kutakiwa kupumzika dakika 10, kazi ya dakika 10 inageuka kazi ya saa 1 na dakika 40, na kila mapumziko rojo linapoa, mafuta yanakuwa mazito, na mota inaanza upya na mzigo mgumu kuliko ule ilioachia. Joto la msuguano, ambalo kwa smoothie ni adui, kwa siagi ya karanga ni msaidizi.

Ladha nazo huongeza mzigo, jambo ambalo sijaona muuzaji akilitaja. Mdalasini, unga wa kakao, tangawizi kavu iliyosagwa, pilipili ya unga na chumvi havina tatizo, kwa kuwa ni vikavu na huchanganyika na mafuta. Asali ni habari nyingine. Ndani ya asali mna maji, takriban asilimia 17 au 18, na maji hayo machache yakikutana na rojo lenye mafuta hulifanya likaze ghafla. Rojo lililokuwa likitiririka hugeuka udongo wa mfinyanzi mbele ya macho yako, na mota isiyo na nguvu ya kutosha hukwama hapo hapo. Vanila ya maji hufanya vivyo hivyo, na tangawizi mbichi hufanya vibaya zaidi. Sukari ya kawaida haikazi rojo, lakini haiyeyuki katika mafuta, kwa hiyo hubaki ikikwaruza menoni. Tumia ile iliyosagwa laini kama unga. Anayependa siagi ya asali, kama mimi, ni bora ainunue mashine akiwa na asali akilini, si karanga tupu.

Baada ya hayo, nafasi ya kwanza naipa Magimix, na sifichi kwamba ninaipendelea. Ni mashine ya Ufaransa ya kukatakata na kusaga vyakula, yenye bakuli pana na kisu cha mabawa mawili kinachozunguka chini, na asili yake ni mashine za Robot-Coupe zinazotumika katika majiko ya mahoteli. Mota yake haina brashi za kaboni, yaani vile vipande vinavyosuguana, kutoa cheche na kuisha, na huzungusha mhimili moja kwa moja bila mkanda. Kampuni inaidhamini mota hiyo kwa miaka 30 na sehemu nyingine kwa miaka 3. Soma tena tarakimu hiyo ya kwanza ukiwa na KB 1 min kichwani. Toleo la 3200 XL lina wati 650 tu, chini ya nusu ya zile za blenda iliyoungua mikononi mwangu, na ndilo linalonisagia karanga mfululizo hadi zimiminike, likinguruma kwa sauti ya chini ambayo haimwamshi mtoto chumba cha pili.

Kuna jambo jingine la umbo lake ambalo ni dogo kwa macho na kubwa kwa miaka. Katika blenda, kisu kinapita katika tundu chini ya jagi, na kinachozuia mafuta yasishuke kwenye mota ni mpira mwembamba tu. Mpira huo ukilegea, mafuta ya karanga huanza kuvuja na kuganda kwenye beringi, na hapo huna cha kusubiri ila mlio wa chuma kusaga chuma. Bakuli la Magimix lina nguzo katikati inayopanda juu kuliko chakula, na mhimili hupita ndani ya nguzo hiyo, kwa hiyo hakuna tundu ambalo rojo linakalia. Inakuja pia na bakuli dogo lenye kisu chake, linalofaa kujaribia ladha mpya kwa gramu 150 za korosho kabla ya kuhatarisha kilo nzima. Kasoro zake nazijua: ina mwendo mmoja tu, ni lazima usimame mara mbili au tatu ukwangue kingo kwa mwiko wa mpira, rojo huingia ndani ya uwazi wa kisu na kukusumbua wakati wa kuosha, na bei yake inauma. Niliweka akiba miezi mingi kuinunua, na ningeweka tena.

Nafasi ya pili ni ya Vitamix, blenda ya Marekani kutoka kampuni iliyoanzishwa mwaka 1921. Hii hulitatua tatizo la dakika kwa njia ya kinyume: badala ya kuhimili muda mrefu, huimaliza kazi upesi. Mfuniko wake una tundu linalopitisha mchi mfupi wa plastiki, nawe unasukuma karanga chini kuelekea kwenye kisu huku mashine ikizunguka kwa kasi ya juu kabisa, hadi ule mfuko wa hewa unaojitengeneza juu ya kisu utoweke. Karanga huwa siagi kwa dakika 1 hadi 2, laini kuliko ya Magimix, na mota ikizidiwa na joto hujikata yenyewe kabla ya kuungua. Kilichoifanya ikose nafasi ya kwanza kwangu ni mabaki. Rojo la asali na lozi linalojificha chini ya kisu cha Vitamix halitoki lote hata ukikwangua kwa subira ya mvuvi, na anayetengeneza chupa moja kwa wakati hupoteza vijiko kadhaa kila mara. Isitoshe, jagi la lita 2 linataka nusu kilo au zaidi ili lifanye kazi ipasavyo. Kwa familia kubwa isiyobadilisha ladha mara kwa mara, nisingebishana na anayeiweka ya kwanza.

Ya tatu ni mashine ya mawe, ile yenye magurudumu mawili ya graniti yanayobingirika juu ya sakafu ya graniti ndani ya ngoma ya chuma, inayotumiwa na watengenezaji wadogo wa chokoleti. Hii iliundwa kufanya kazi kwa saa nyingi mfululizo, na hapo hakuna herufi za KB za kukuogopesha. Ndiyo pekee inayoisaga sukari yenyewe hadi ulimi usiihisi, kwa hiyo kwa siagi ya hazelnuti na kakao haina mpinzani. Lakini ni nzito, kuosha mawe yake ni kazi ya nusu saa, karanga ni lazima zitangulie kusagwa mahali pengine na zitiwe kidogo kidogo zikiwa na joto, na tone la maji ndani yake ni msiba. Inunue ikiwa unauza. Kwa kifungua kinywa cha nyumbani ni kama kukodi lori la kubebea kikapu.

Kinu cha chuma cha kuzungusha kwa mkono kinafaa kwa anayependa siagi yenye chenga, ila karanga hupitishwa mara mbili au tatu. Blenda za bei ya chini na vile visagio vidogo vya kahawa ni vya unga wa karanga, si vya siagi.

Sasa nirudi kwa wauzaji, kwa sababu moyo wangu haujatulia. Katika maduka 4 niliyoingia baada ya ile blenda kuungua, niliomba boksi lifunguliwe nione chini ya mashine, na katika maduka 3 nilikataliwa kwa hoja kwamba boksi likifunguliwa mashine itaonekana imetumika. Mteja anatakiwa alipe kwanza, kisha ndipo asome masharti ambayo baadaye yatatumiwa kumnyima dhamana. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kila muuzaji alikuwa na wati mdomoni, na bei ilipanda kwa kadiri ya wati, ilhali baadhi ya mashine huandikwa wati za kilele, zile ambazo mota huvuta kwa kitambo kidogo inapokwama, si zile inazofanyia kazi. Kulipa zaidi kwa tarakimu inayoonyesha mashine ikikwama ni jambo ambalo mnunuzi angelikataa mara moja kama angeelezwa. Nilimuuliza mmoja wao mashine yake inasaga kwa dakika ngapi mfululizo, akanijibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

Kwa hiyo muulize. Usikubali kulipa kabla hujaipindua mashine, na kama boksi halifunguliwi, tafuta kijitabu cha toleo hilohilo kwenye intaneti, kisha tafuta neno dakika kabla ya kutafuta neno lolote jingine. Ukikuta 1, iache hata kama picha ya boksini inatamanisha. Ukikuta 3, utatengeneza korosho, ambazo ni laini, lakini lozi zitakusumbua. Ukikuta maelezo yanayotaja siagi ya karanga kwa jina pamoja na muda wake, mwombe muuzaji aandike toleo hilo kwenye risiti, ili siku ya dhamana asikugeuzie kibao.

Aliyekwisha kununua mashine ya KB 1 asiitupe. Anunue siagi ya karanga tupu isiyo na sukari, aipashe ndani ya bakuli juu ya maji ya moto hadi ilegee, kisha achanganye kwa mwiko: kwa gramu 500, kijiko kimoja cha chai cha mdalasini na nusu kijiko cha chumvi, au vijiko 2 vya chakula vya kakao na 3 vya sukari laini. Asali aitie mwisho kabisa, bakuli likiwa limeondolewa kwenye joto, na akoroge mara chache tu kabla haijakaza. Mashine yake itatosha kusaga mdalasini wenyewe, kazi ya sekunde 20.