Kupanda Ol Doinyo Lengai usiku na vijana wa Engaresero

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa nyumbani Bukoba, nachambua mchele uani. Ilikuwa kama saa tisa na nusu alasiri. Ungo uliruka mapajani kabla sijasikia chochote, kisha ukaja mngurumo, na ukuta wa jiko la jirani ukalala chini. Mkoa wetu ulizika watu wasiopungua 17. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na matetemeko nimeyafundisha miaka mingi kwa kuchora ubaoni mabamba mawili ya ganda la dunia yanayogongana. Baada ya siku ile kila nilipoishika chaki niliona nawaambia watoto jambo nisilolijua. Ndiyo sababu likizo ya Juni nilitoa akiba yangu nikaenda kuupanda Ol Doinyo Lengai, volkano hai ya bonde la ufa kaskazini mwa Tanzania, ambayo Wamaasai wanaiita Mlima wa Mungu.

Huduma niliyoitumia ni ya vijana wachache wa huko huko Engaresero, kando ya Ziwa Natron. Nililipa shilingi 280,000: gari kutoka Mto wa Mbu na kurudi, kulala kwenye hema, chakula, na muongozaji. Ushuru wa kijiji ulikuwa mbali na hizo, na waliniambia mapema, kwa hiyo sikushtukizwa.

Gari lilinichelewesha kwa muda wa karibu saa tatu Mto wa Mbu bila hata simu ya kuniomba radhi. Barabara inayopita Selela na Engaruka ni ya vumbi na mawe, na kuchelewa huko kulimaanisha tumefika giza limeingia na sikupata usingizi wa jioni ambao mpandaji anauhitaji. Chakula kilikuwa kizuri: wali, maharage yaliyoiva vizuri, na chai ya maziwa. Hema lilikuwa safi.

Tulianza kupanda saa tano usiku. Mchana joto la pale halivumiliki, na mlima hauna mti wa kujikinga. Kilele kiko karibu mita 3,000, na njia haizungukizunguki kama za milima mingine. Inapanda moja kwa moja juu ya majivu yaliyoganda. Unapiga hatua mbele, mguu unateleza nusu ya hatua nyuma. Sehemu za juu nilitambaa kwa mikono. Muongozaji wangu, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu wa kwanza, hakunikimbiza hata mara moja. "Yeyo, kanyaga nilipokanyaga mimi," alikuwa akisema (yeyo ni mama kwa Kimaasai), na nikikaa naye anakaa.

Hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Hawakutupatia kofia ngumu. Kulikuwa na kundi jingine juu yetu, na mara mbili mawe yaliporomoka kwenye korongo letu, moja lenye ukubwa wa chungu cha ugali likapita mkono wa kulia kwangu nikasikia upepo wake. Tochi waliyoniazima ilikufa saa nane usiku, nikaendelea kwa mwanga wa kijana. Kwenye mlima kama huu hayo si mambo madogo, na nimewaambia ana kwa ana.

Tulifika ukingo wa kasoko, lile shimo la kileleni, kabla jua halijatoka. Ardhi ilikuwa na uvuguvugu, na harufu ya kiberiti ilinikaba koo. Ndani ya shimo, chini kabisa, vilisimama vichuguu vyeusi na vyeupe, na kutoka kimoja kulisikika sauti ya kutokota, kama uji mzito uliosahauliwa jikoni. Mara kikatema. Nilitegemea moto mwekundu wa kwenye picha. Nilichokiona ni kitu cheusi chepesi kinachotiririka haraka kama oili chafu ya gari.

Kijana alinieleza, na alieleza vizuri kuliko kitabu chochote nilichokifundishia. Lava ya volkano nyingi hutoka ikiwa na nyuzijoto 700 hadi 1,200. Hii ina 500 hadi 600 tu. Nyingine zimejaa silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga, na ndiyo inayozifanya nzito. Hii imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu. Duniani kote hakuna volkano nyingine hai inayotoa lava hii. Ikishapoa hunyonya unyevu wa hewa, ikageuka nyeupe katika muda mfupi. Aliokota kipande cheupe akakisaga kiganjani: "Hii, yeyo, ni ndugu wa magadi unayotia kwenye maharage." Nilikuwa nimekula maharage hayo saa chache nyuma. Akaongeza kwamba moja ya madini yanayoiunda linaitwa nyerereiti, kwa jina la Mwalimu Nyerere. Nimezaliwa na kusomeshwa nchi hii, na sikuwa nalijua.

Kulipopambazuka akanigeuza nitazame magharibi, kwenye ukuta mrefu wa bonde la ufa. "Huo ukuta na huu uwanda vilikuwa sawasawa. Nchi ilivutwa huku na huku, katikati ikadidimia." Nilikaa chini. Miaka yote nilichora mabamba yanayogongana kwa sababu mchoro wa kitabu ulikuwa wa Himalaya. Kwetu yanaachana. Bamba la Somalia linajitenga na sehemu nyingine ya Afrika, milimita chache kwa mwaka. Tangu Uhuru, huku kaskazini mwa Tanzania, hata ukikadiria kwa ukarimu ni kama shubiri moja. Ganda la dunia likivutwa hukonda, miamba hukatika na kushuka, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hupata pa kupandia. Bukoba nako, ingawa hatuna volkano, ardhi ilivutwa ikakatika, kama kilomita 40 chini ya miguu yetu. Mishale yangu ya ubaoni ilikuwa imeangalia kusikokuwa.

Nilimwuliza kama yeye amewahi kutetemeshwa. Julai 2007 alikuwa mtoto. Ardhi ilitikisika siku baada ya siku, na tarehe 17 lilikuja kubwa la kipimo cha 5.9, upande wa mlima Gelai, likasikika mpaka Nairobi. Magma ilikuwa imepenya kwenye ufa chini ya ardhi bila kutoka juu. Septemba Lengai ukalipuka kwa majivu, na baba yake akahamisha ng'ombe kwa sababu malisho yalifunikwa. Kipimo cha 5.9 ndicho kilichotupiga sisi Bukoba. "Nyumba yenu ilianguka?" nikamwuliza. Akasema iliyumba kama kikapu, ikatulia. Ilikuwa ya fito na samadi. Kwetu ni matofali yaliyoshikwa na udongo, bila nondo wala mkanda wa zege, na sikuweza kumjibu kitu kwa muda.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Magoti yangu yalitetemeka siku nne, na kucha mbili za vidole vya miguu zimetoka. Beba maji lita nne, glavu za bustani, na buti zinazofunika kifundo, maana majivu yanakata. Aliye na presha au magoti mabovu abaki chini aende kwenye maporomoko ya maji na kutazama heroe ziwani. Ndani ya kasoko msikubali kushuka hata mkibembelezwa. Kijana wangu alikataa kuwashusha wenzetu wawili waliotaka picha, nikamheshimu kwa hilo.

Nimewapa nyota nne kati ya tano, zote za huyo kijana. Nimeshatuma kianzio cha Juni ijayo kwa ajili yangu na walimu wawili wa shule yetu, na sharti nimeliandika: kofia ngumu tatu na betri mpya, nizione Engaresero kabla hatujaondoka kwenye hema.