Google Keep kwa sisi wenye kwilti nyingi mkononi: uzoefu wangu, Uyole, Mbeya

Niseme mapema: kwa mtu anayeshona kwilti (blanketi za viraka zenye pamba katikati) tatu au nne kwa mpigo, kwa raha zake tu na si kwa ajili ya duka, Google Keep, programu ya simu ya kuandikia noti, inatosha. Ni ya bure, haili chaji, na ukishaiweka kwenye simu inafunguka hata bando likiisha. Sharti ni moja tu: usipange kazi kwa jina la kwilti. Panga kwa hatua.

Kwa nini kwilti tatu kwa mpigo? Aliyewahi kushona viraka hawezi kuuliza. Mafundi wa Mwanjelwa wanakuuzia mabaki ya vitenge kwa mfuko, jirani anajifungua, mtoto wa shangazi anatangaza send-off, na wewe ile ya kitanda chako hujaimaliza. Hakuna anayeanza ya pili kwa sababu ya kwanza imeisha.

Kabla ya Keep nilikuwa na programu ya kulipia, iliyotengenezwa mahususi kwa washona kwilti wa ng'ambo. Jina silitaji. Ilikuwa nzuri kutazama, ila ilikuwa imepimwa kwa kitanda na duka la mtu mwingine. Vipimo vyake vya vitanda vilikuwa vya Marekani, ambako godoro la «queen» ni inchi 60 kwa 80, wakati huku fundi seremala anakuuliza 4 kwa 6, 5 kwa 6 au 6 kwa 6, na anamaanisha futi. Hesabu ya kitambaa ilienda kwa yadi moja moja, na mimi kitenge nakinunua pisi nzima ya yadi sita. Kila mara jibu lilikuja la ajabu, nikaishia kupiga hesabu pembeni kwenye karatasi.

Hesabu yenyewe wala si ngumu ukishaifanya mara moja. Kitanda cha 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72. Ukitaka kwilti ining'inie inchi 12 kulia, kushoto na miguuni, inakuwa 84 kwa 84, yaani bloku (miraba ya viraka vilivyoungwa) saba kwa saba za inchi 12, jumla 49. Kila bloku, ikishaungwa na kabla ya kuunganishwa na wenzake, iwe inchi 12 na nusu, kwa sababu robo inchi inaliwa na mshono kila upande. Na mgongo? Pisi moja ya kitenge chenye upana wa inchi 45 au zaidi kidogo inatosha: ikate katikati, unganisha vipande viwili ubavu kwa ubavu, unapata kama inchi 89 kwa 108. Inabaki ya kukatia ukanda wa ukingo. Haya yote nimeyaandika kwenye noti moja ya Keep, nimeibandika juu kabisa, sikokotoi tena.

Sasa mpangilio. Kila kwilti ina noti yake: picha ya vitambaa, kipimo, ni ya nani, sindano ninayotumia (namba 12 kuunga, namba 14 ikishakuwa na pamba ndani). Kisha naipa lebo ya hatua iliyofikia. Lebo zangu ni Kuosha, Kukata, Kuunga, Kutandika, Kushona tabaka, Ukingo. Hatua ikiisha, nabadilisha lebo. Rangi ya noti nimeiachia tarehe peke yake: nyekundu ni ile yenye siku isiyosogezwa, kama harusi au ubatizo. Zisizo na tarehe ni nyeupe, zisubiri.

Faida inaonekana Jumamosi. Nagusa «Kukata», zinatokea kwilti zote zinazosubiri mkasi. Meza imeshatandazwa, rula iko mkononi, pasi ina moto, basi nakata za kwilti zote tatu siku hiyohiyo. Kukata kwilti moja na kupanga upya meza wiki ijayo kwa ajili ya nyingine ni kupoteza asubuhi mbili. Kuunga ni vivyo hivyo: uzi wa kijivu hafifu unaendana na karibu kila kitenge, kwa hiyo najaza bobini kadhaa na kushona mfululizo, kwilti hii hadi ile, bila kubadilisha chochote kwenye cherehani.

Lakini kilichonifungua macho ni lebo ya Kutandika. Kutandika ni pale unapolaza mgongo chini, pamba katikati, viraka juu, unalainisha kwa viganja, kisha unapiga bandi tabaka zote tatu zisihame. Inataka sakafu. Sebule yangu ikitolewa meza na makochi inaingiza kwilti moja ya 84 kwa 84, na nafasi ya mtu kupita haibaki. Nilipoanza kutumia lebo niliona noti zinarundikana hapo hapo, nyingine zote zikipita vizuri. Cherehani haikuwa inanichelewesha, wala muda, ni sakafu. Tangu hapo sijiulizi kwilti itaisha lini. Najiuliza sebule itakuwa tupu lini, naandika siku hiyo kwanza, na kazi nyingine nazipanga kurudi nyuma kutoka hapo. Baba watoto akisema wageni wanakuja mwisho wa wiki, najua kwilti gani imeahirishwa bila kufungua simu.

Jambo jingine ambalo programu ya ng'ambo isingenipa ni hali ya hewa ya kwetu. Kitenge kipya lazima kioshwe kabla ya kukatwa: kinatoa wanga, kinasinyaa kidogo, na nyekundu na bluu ya nili huchuja rangi. Kukiosha Januari Mbeya ni kukitundika ndani siku nzima kikakauka na harufu ya uvundo. Wenzetu wa Tukuyu ndio kabisa. Kwa hiyo vitenge vyote, hata vile nisivyojua vitakuwa nini, naviosha mvua ikikatika mwezi Mei, na noti zao zinakaa tayari kwenye Kukata. Juni na Julai, usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, ndiyo zamu ya Ukingo: kazi ya mkono, sindano ndogo, kwilti iko mapajani inakupasha joto huku unaishona. Kukata kwenye baridi ile sikushauri, vidole vinagoma.

Ukinunua mabaki, andika pia kama ni pamba kweli. Choma uzi mmoja: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu, polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukivichanganya kwenye bloku moja, pasi itakuambia. Mimi za polista nazipa lebo yao, zinakwenda kwenye mifuko.

Nilichopenda zaidi ya nilivyotarajia ni kushirikisha noti. Mdogo wangu yuko Makambako, mkono wake wa ukingo ni mzuri kuliko wangu. Noti ikifika hatua hiyo naongeza anwani yake ya barua pepe, anaona kipimo na tarehe, kwilti inapanda basi. Akimaliza upande mmoja anatia tiki nami naona huku. Zamani ilikuwa ni kupigiana simu, «dada, ule wa maua unaanza kona ipi?»

Inachokosa, ujue kabla. Haijumlishi wala kutoa, yadi utazikokotoa mwenyewe. Haina folda, ni lebo tu. Haikuchorei mwezi mzima ukaona nini kinagongana na nini, kwa hiyo nina kalenda ya ukutani, ile ya kanisa, na juu yake naandika siku za sakafu pekee. Halafu ukitia tiki kwenye orodha, kilichotiwa tiki kinashuka chini, usipobadilisha mipangilio. Wengine wanapenda. Mimi napenda kuona hatua zikiwa kwa mfuatano, ndiyo maana hatua nimeziweka kwenye lebo na orodha nimeiachia mahitaji ya dukani na zile pande za ukingo.

Anayeshona kwa oda, mwenye wateja na malipo ya awali, hii haitamfaa. Atafute kitu chenye hesabu. Na mwenye simu ya kitochi hajakosa kitu: kaunta buku, ukurasa mmoja kwa kila hatua, jina la kwilti kwenye kipande cha karatasi na pini, unakihamisha ukurasa hadi ukurasa.

Picha za vitambaa zipige mchana, nje, kivulini. Chini ya taa ya ndani bluu iliyokolea na nyeusi zinafanana, na utakuja kugundua bloku zikishaungwa.