Praat, na barabara mbili zilizonikosesha usingizi

Kila mwaka tukifika kwenye shadda, yaani mkazo kwenye silabi, swali ni lile lile: "Mwalimu, barabara ya magari na barabara ya kusema jambo limekaa sawasawa, zinatofautiana wapi hasa?" Zamani nilitamka tu, darasa likaitikia, tukaendelea. Siku hizi nafungua Praat.

Ni programu ya kuchambua sauti, kazi ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Ni ya bure kabisa. Ukishaipakua, huhitaji intaneti tena, na kompyuta yangu kuukuu inaimudu vizuri. Ukiiwasha yanafunguka madirisha mawili na wageni huchanganyikiwa; funga lile la Picture, baki na Objects.

Nilimrekodi mzee jirani yangu akitamka neno hilo kwa namna zote mbili. Kwa barabara ya magari nilitarajia mstari wa buluu wa kidatu, yaani wa kupanda na kushuka kwa sauti, uinuke kwenye silabi ya tatu, ba-ra-BA-ra, na kwa ile nyingine kwenye ya pili, ba-RA-ba-ra. Badala yake mstari ulikuwa hezi 110, ukaruka ghafla hadi 220, ukaanguka tena. Na kipindi kilikuwa kesho yake asubuhi.

Nikamwandikia dada mmoja tuliyesoma pamoja, mtafiti wa toni za Kisukuma. Jibu lilikuja kabla sijalala: "Mwalimu, sauti si ya mwanaume hii? Mbona mpaka wa juu wa kidatu umeweka hezi 600? Shusha hadi 300, chini weka 75." Nikashusha. Mstari ukatulia, na vile vilima viwili vikaonekana kila kimoja mahali pake. Kumbe programu ilikuwa inahesabu nusu ya mzunguko wa wimbi la sauti kama mzunguko mzima, ndiyo maana namba ilijizidisha mara mbili.

Aliweza kunijibu upesi kwa sababu nilimtumia faili lenyewe la sauti la WAV, TextGrid yake (faili la Praat lenye alama za silabi), na picha ya mipangilio yangu. Wenzangu wengi huandika "Praat inakosea, nisaidieni" na kuishia hapo. Nawasihi sana, msimfanyie mwenzenu hivyo. Muda wake ni mali. Jina la dada huyo nimeliandika kwenye maelezo ya somo, wanafunzi wajue nilisaidiwa na nani.

Menyu zote ni za Kiingereza, na hapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupata tabu. Mwongozo uliomo ndani ni mzuri, ila usomwe taratibu. Kwa fomanti, yaani masafa yanayotofautisha irabu, pia angalia msemaji ni nani: mpaka wa juu uwe hezi 5000 kwa mwanaume, 5500 kwa mwanamke. Pamoja na hayo, naipa nyota tano bila kusita.

Ukianza leo, anza na neno moja na sauti moja. Mstari ukirukaruka, tazama kwanza mipaka ya kidatu. Ukikwama bado, nitumie faili.